Namna ya Kuijua Bei Halisi ya Tiketi ya Ndege Kabla ya Kulipa

Bei inayotokea ya kwanza unapotafuta tiketi mtandaoni mara nyingi ni bei ya kiti kitupu, isiyo na begi la kupakia, isiyokuruhusu kuchagua pa kukaa wala kubadili tarehe. Kwa hiyo, kabla hujafungua tovuti yoyote, andika mzigo utakaosafiri nao na uzito wake, na kama kuna mtoto ambaye ni lazima akae karibu nawe. Linganisha gharama ya mahitaji hayo, si ya kiti peke yake.

Chagua safari mbili au tatu zenye nafuu, kisha uifuate kila moja hadi ukurasa wa malipo, bila kulipa. Kinachopandisha bei zaidi huwa ni begi. Ryanair, shirika la ndege la bei nafuu la Ulaya, kwa mfano, humruhusu abiria mwenye tiketi ya chini kabisa kuingia na kibegi kimoja kisichozidi sentimita 40 kwa 30 kwa 20, kinachoenea chini ya kiti cha mbele. Sanduku dogo la magurudumu, ambalo wengi wetu huliita mzigo wa mkononi, hulipiwa. Lipime likiwa limejaa, pamoja na magurudumu na mpini wake, na ulilipie mapema, kwa kuwa likizuiwa mlangoni pa kupandia ndege tozo huwa kubwa zaidi.

Katika Umoja wa Ulaya, Kanuni namba 1008 ya mwaka 2008 inataka bei ya mwisho ionyeshwe wakati wote pamoja na kodi na tozo zisizoepukika, na inakataza huduma ya hiari kuwekewa alama ya kukubaliwa kabla abiria mwenyewe hajaichagua. Hiyo ni kinga nzuri, ila haitoshi, kwa sababu ada ya kuchagua kiti huhesabiwa kuwa ya hiari hata kwa familia inayoihitaji kweli. Popote unaponunua, kagua kila kisanduku cha bima na ukiondoe usichokihitaji.

Ukiulizwa ulipe kwa shilingi au kwa sarafu ya shirika, angalia kwanza kiwango cha benki yako cha kubadilishia fedha, maana kiwango cha tovuti mara nyingi huwa kibaya zaidi. Ukinunua kwa wakala, soma ada yake ya kubadili tiketi, ambayo huweza kuongezwa juu ya ile ya shirika. Mwishowe, hifadhi picha ya ukurasa unaoonyesha jumla na uzito ulioruhusiwa, upate cha kuonyesha ukidaiwa zaidi kaunta.