Namna ya kujitambulisha kwa mnunuzi Nane Nane ya Ngongo ili akukumbuke

Kila Agosti, wakati wa maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, viwanja vya Ngongo, Lindi, hujaa wakulima, wabanguaji, wauza viuatilifu, maofisa wa halmashauri na wanunuzi kutoka mbali. Mnunuzi huonja korosho meza hii na ile, na jioni hakumbuki ipi ilikuwa ya nani. Mimi nabangua korosho hapa Mtwara na kuziuzia hoteli na maduka, na wateja wangu wengi tulifahamiana kwenye mikusanyiko ya namna hiyo. Hatua hizi ndizo ninazowafundisha vijana wanaoanza. Zinafaa pia mnadani, kwenye semina ya SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo, au ukiingia ofisi ya mtu.

Hatua ya 1: Chagua wachache kabla hujatoka nyumbani

Muulize ofisa biashara wa halmashauri yako nani watakuwepo, kisha chagua watatu au wanne. Kila mmoja mwendee na jambo linalomhusu. Mtafiti wa TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, muulize habari za miche au ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho. Mtu wa Bodi ya Korosho muulize taratibu za leseni. Bei ya mifuko yako haiwahusu.

Hatua ya 2: Andaa sentensi moja inayobeba kazi yako

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo pakazie. "Mimi ni mjasiriamali, najishughulisha na korosho" haimwambii mtu chochote. Mtwara nzima inajishughulisha na korosho! Sema hivi: "Naitwa fulani, nabangua korosho Mikindani, nina W240 na W320, nafungasha robo kilo na kilo moja."

Mnunuzi anayejua kazi akisikia W320 anaelewa kwamba ni korosho nzima, zisizovunjika, zinazofika kama 300 hadi 320 kwa pauni moja ya uzito, yaani karibu nusu kilo. Anaelewa pia kwamba wewe unachambua kwa daraja, hujazoazoa tu. Namba hiyo itakupa heshima ambayo "korosho zetu ni bora sana" haiwezi kukupa. Fundi umeme naye aseme amefunga pampu za sola kwenye visima vya wapi. Mshonaji aseme anashona sare za shule gani.

Ijaribu kwa jirani asiyeijua kazi yako. Mwambie mara moja tu, kesho yake umuulize unafanya nini. Akishindwa kueleza, ipunguze.

Hatua ya 3: Salamu kwanza, tena usiikimbize

Kusini huku mtu anayeanza na shida yake kabla ya salamu ameshajiharibia. Shikamoo hufuata umri, haifuati cheo. Mzee anayelinda geti anastahili shikamoo yako. Ofisa wa kike uliyemzidi miaka hahitaji kuamkiwa, lakini anahitaji heshima: "Habari za kazi, Afisa" inatosha. Mkuu wa wilaya, mbunge na diwani waite mheshimiwa. Akikuuliza habari za nyumbani, jibu, nawe umuulize za kwake.

Mkono usiwe wa kwanza kuunyoosha kwa mtu wa jinsia nyingine. Wapo ambao dini yao haiwaruhusu, na utamtia aibu mbele za watu. Weka mkono kifuani, inamisha kichwa kidogo. Akinyoosha wake, mpokee. Ijumaa kuelekea adhuhuri usimzuie mtu kwa maongezi, wengi wanajiandaa kwenda msikitini.

Hatua ya 4: Uliza, kisha nyamaza

Ukishasema sentensi yako, mwachie yeye nafasi. "Wateja wenu hupenda za chumvi au zisizo na chumvi?" "Mzigo mnaupokea siku gani?" Msikilize mpaka amalize. Nimeona vijana hodari wakipoteza mteja kwa sababu alipokuwa akieleza anachotaka, wao walikuwa wakitafuta picha kwenye simu.

Hatua ya 5: Acha kitu mkononi mwake

Sampuli ndogo, imefungwa vizuri, na lebo yenye jina, daraja, tarehe ya kufungasha na namba ya simu. Hewa ya pwani ina unyevu na korosho huuvuta haraka. Ikilegea mdomoni, maneno yako yote mazuri yamepotea. Ifungashe karibu na siku ya maonyesho.

Hatua ya 6: Mwandikie jioni ileile

Ujumbe wa maandishi, si wa sauti, kwa sababu wa sauti hausomeki kikaoni. Mfano:

"Habari za jioni. Mimi ni fulani, mbanguaji wa Mikindani tuliyeonana leo Ngongo. Ulisema mnahitaji zisizo na chumvi, mifuko ya kilo moja. Bei nitakutumia Jumatatu kabla ya saa nne asubuhi. Asante kwa muda wako."

Jumatatu hiyo, saa tatu, bei iwe imeshafika. Mtu asiyekujua hana kipimo kingine cha uaminifu wako ila hicho. Kwa hiyo usiahidi siku usiyoimudu.

Wiki ikipita kimya, piga mara moja, saa za kazi, na uanze kwa kumkumbusha mlipoonana. Akisema kwa sasa hahitaji, muulize huagiza mwezi gani, andika daftarini, umtafute wiki mbili kabla ya mwezi huo.