Kabla hujanunua mashine ya mkono ya kukatia vigae

Mashine ya mkono haikati kigae kwa maana ya msumeno. Inachora mstari mwembamba kwa gurudumu lenye makali juu ya uso wenye mng'aro, kisha mguu wake wa kuvunjia unakigandamiza kigae mpaka kipasuke kwa kuufuata mstari ule. Kila utakachokikagua dukani kinarudi kwenye kazi hizo mbili: kuchora mstari ulionyooka kwa mgandamizo uleule mwanzo hadi mwisho, na kuvunja kwa nguvu inayogawanyika sawa pande zote mbili. Ndiyo maana mashine mbili zenye kipimo kimoja kwenye boksi, zikiwa zimepangwa rafu moja, zinaweza kuwa mbali kama mbingu na ardhi.

Bei iache kwanza. Anza na vigae vyenyewe. Pima urefu wa upande mrefu, halafu jiulize kama kuna mahali utakata kwa mshazari, yaani kona hadi kona. Hapa ndipo wengi hukwama. Kigae cha sentimita 40 kwa 40 kina mshazari wa sentimita 56.6, na cha 60 kwa 60 kina karibu 85. Mashine iliyoandikwa milimita 600 itakata kigae cha 60 kwa 60 kwa unyoofu tu, tena ikiwa imefika kikomo chake. Ukitaka vigae vilale kimshazari sebuleni, unahitaji ya milimita 900 kwenda juu. Kwa vigae vya choo na jikoni vya 25 kwa 40 au 30 kwa 60, mashine ya milimita 600 hadi 700 inatosha vizuri. Vigae vya 60 kwa 120 ni habari nyingine: hata mkato ulionyooka kwa upande mrefu unataka mashine ya milimita 1200, na fundi anayefanya nyumba moja ni afadhali aikodi.

Geuza kigae utazame mgongo wake. Seramiki ya ukutani mara nyingi ina mgongo mwekundu au wa kahawia, na ukidondoshea maji yananywewa upesi. Hiyo ni laini, na unene wake ni milimita 6 hadi 8. Poseleni ni nzito, imeshikana, na maji hukaa juu yake kwa sababu kiwango chake cha kunyonya hakizidi asilimia 0.5. Kwa seramiki, karibu mashine yoyote iliyonyooka itafanya kazi. Poseleni ya milimita 9 au 10 ndiyo inayoiumbua mashine dhaifu: reli (vyuma virefu ambavyo kichwa chenye gurudumu huteleza juu yake) hupinda kwenda juu unapogandamiza, mstari unafifia katikati, na ufa unakwenda unakotaka wenyewe.

Kisha hesabu mikato kabla ya kufungua pochi. Chukua chumba chenye upande wa mita 4.20, vigae vya 60 kwa 60 na nafasi ya grauti, ule mchanganyiko wa kujazia kati ya kigae na kigae, ya milimita 3. Kwa haraka utasema vigae saba vinatosha kamili. Havitoshi. Vigae saba na nafasi sita kati yake ni sentimita 421.8, na ukiacha nusu sentimita kila upande wa ukuta, kigae cha mwisho kinatakiwa kupunguzwa karibu sentimita 3 kwa urefu wa 60. Ukanda mwembamba namna hiyo ndio mkato mgumu kuliko yote kwa mashine ya mkono, kwa sababu mguu unakosa pa kukandamiza upande ule mdogo. Panga upya: weka vigae sita vizima katikati, na kila pembeni utabaki na kipande cha sentimita 28.5 hivi. Mikato inaongezeka, lakini vipande vya upana huo mashine ya kawaida huvivunja bila shida. Mpangilio mzuri kwenye karatasi unaweza kukuokolea vigae kadhaa, na kigae cha 60 kwa 60, ambacho kwa kawaida boksi lake lina vinne tu, si kitu cha kuchezea.

Ukishajua hayo, nenda dukani na vigae viwili vyako, futi kamba, skwea na penseli. Mwenye duka akikataa mashine isijaribiwe, basi mkubaliane kwa maandishi kwamba utairudisha, au sogea duka la jirani. Kariakoo kwa mfano, duka la vifaa linafuatana na jingine.

Kitu cha kwanza ni kichwa kinachoteleza juu ya reli, kile chenye mpini. Kisukume mpaka katikati, ambako reli iko mbali na nguzo zote mbili, ukishike kwa vidole viwili na ukitikise kushoto na kulia. Kikicheza hata milimita moja, utaiona milimita hiyo kwenye kila mkato. Mashine bora hutumia beringi na huwa na skrubu za kukaza kichwa kikianza kulegea; zile za bei ya chini hutumia bushi ya plastiki inayolika. Muulize muuzaji akuonyeshe hizo skrubu. Halafu inama, weka jicho usawa wa mwanzo wa reli na utazame kuelekea kwenye mwanga: reli mbili lazima zilale sambamba bila kuinuka wala kujinyonga. Mashine zilizodondoshwa wakati wa kupakua mzigo huonekana hapo hapo.

Jaribio linalosema ukweli wote ni hili. Funga rula ya pembeni kwenye sentimita 10, kata kipande, kisha kingine bila kugusa rula. Pima kila kipande ncha zote mbili. Ukipata 10.0 huku na 10.2 kule, rula haijakaa pembe mraba na reli. Milimita mbili zinaonekana kidogo, lakini nafasi ya grauti ni tatu tu, na safu ya vigae vya namna hiyo itaonyesha mstari wa grauti unaoanza mnene na kuishia uzi. Kama rula ina skrubu za kurekebisha, irekebishe ujaribu tena. Kama imepigwa ribiti, achana nayo.

Wakati wa kuchora, sikiliza. Mstari mzuri unatoa sauti moja isiyokatika, kama kitambaa kinachochanwa. Sauti ikikatika, gurudumu limeruka, na pale liliporuka ndipo ufa utakapochepuka. Chora mara moja tu, kutoka ukingo hadi ukingo. Kurudia mstari ni kosa linalofanywa na karibu kila anayeanza: gurudumu halirudi kwenye njia ileile kamili, linatengeneza mipasuko midogo pembeni, mng'aro unabanduka, na gurudumu lenyewe linakufa mapema. Mkato ukiwa umechepuka sentimita mbili za mwisho peke yake, sababu huwa mstari haukufika ukingoni.

Gurudumu ndilo moyo wa mashine. Limetengenezwa kwa tungsteni kabaidi, na ile rangi ya dhahabu kwenye baadhi yake ni mipako ya juu. Soma vipimo vitatu kwenye pakiti: kipenyo, tundu na unene, kwa mfano 22 × 6 × 2 milimita. Kabla hujalipia, hakikisha gurudumu la vipimo hivyohivyo linauzwa peke yake dukani, na uondoke na la akiba. Mashine imara isiyopatikana gurudumu ni chuma cha kuwekea mlango. Gurudumu dogo huenda vizuri kwenye vigae laini vyenye mng'aro. Kwenye vigae vyenye mikwaruzo na mabonde ya kuzuia kuteleza, kubwa ndilo linalopita bila kudumbukia. Ukiona inakubidi ukandamize kuliko jana, au mstari unatoka vipande vipande, limekwisha, libadilishe. Tone la mafuta ya cherehani kwenye ekseli yake kila asubuhi linalifanya lizunguke badala ya kuburuzwa.

Angalia pia ufito wa chuma unaopita katikati ya besi, chini ya reli. Lazima ulale sambamba kabisa na njia ya gurudumu, maana kigae huvunjikia juu yake. Raba za pande zote mbili ziwe za kurudi ukizibonyeza. Raba iliyolala haikirudishi kigae, na kinavunjika kwa kuruka. Mguu wa kuvunjia uwe mpana, uguse pande zote mbili za mstari kwa pamoja. Na kigae kikubwa kinachoning'inia nje ya besi kiwekewe mbao ya kimo sawa na besi. Kikining'inia kwa uzito wake, kinapasuka kabla hujagusa mpini.

Kuna kazi ambazo mashine hii haiziwezi hata ikiwa ya bei gani: mkato wa umbo la L kuzunguka fremu ya mlango, tundu la bomba la choo, na granite. Kwa hizo tenga bajeti ya grenda ndogo yenye diski ya almasi ya milimita 115 isiyo na meno, na ikate nje ya nyumba, kwa maji, huku umevaa barakoa, kwa kuwa vumbi la vigae lina silika inayoharibu mapafu. Mikato iliyonyooka yote iachie mashine ya mkono. Haitimui vumbi, na umeme ukikatika kazi inaendelea.

Vilivyobaki ni vidogo ila visisahaulike: miwani ya kinga, glavu za kubebea vipande (ukingo uliovunjwa una makali kama kioo), na jiwe la kunolea la kusugulia ukingo huo. Upande uliokatwa ugeuze ukutani, skatingi (ukanda wa chini ya ukuta) iufunike. Upande wa kiwandani uelekee kwenye grauti. Nunua vigae zaidi kwa asilimia 10, au 15 ukilaza kimshazari, na uvitoe vyote siku moja ukisoma namba ya toleo kwenye maboksi, maana rangi hutofautiana toleo hadi toleo. Siku ya kwanza anza na kona itakayofichwa na kabati au friji, ukate vigae viwili vitatu hapo mpaka mkono uzoee uzito wa mpini.