Somo: Suramini, sindano ya zamani ya malale, hatua kwa hatua

Warina asali wa Sikonge, wavuvi wa Ugalla na wapasua mbao wa Uvinza wanamjua mbung'o vizuri. Sindano ya malale, ugonjwa anaoueneza, ndiyo hawaijui, mpaka mgonjwa wao awe tayari wodini. Somo hili ni kwa ndugu wanaouguza, si la kujitibu.

Dawa yenyewe ni kongwe. Ilitengenezwa na Bayer ya Ujerumani mwaka 1916, ikaitwa Bayer 205, baadaye Germanin. Walipopoteza makoloni, na huku kwetu kukiwemo, wapo Wajerumani waliotaka kuyadai kwa kutumia siri ya dawa hii. Mfaransa Ernest Fourneau akaifumbua siri hiyo mwaka 1924, hesabu zao zikavurugika.

Hatua ya kwanza: hadubini. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha kutobolewa kidole na kusubiri mistari, hakioni vimelea vya malale. Mgonjwa katoka porini, mseto kamaliza, homa bado inapanda na kushuka? Ombeni damu iwekwe kwenye kioo. Vikiwepo, mtu wa maabara huviona vikijinyonganyonga na kuzisukuma chembe nyekundu za damu. Kama kuna kidonda pale alipoumwa na mbung'o, kionyesheni.

Pili, maji ya uti wa mgongo. Watu hukiogopa kipimo hiki hadi kutoroka, lakini ndicho kinachoamua kama suramini itafaa. Suramini haipenyi kwenye ubongo: vimelea vikishafika huko, sindano itasafisha damu na kuviacha kichwani. Na malale ya Afrika Mashariki ina mbio, hufika huko ndani ya wiki au miezi michache tu.

Tatu, uzito na mkojo. Dozi ni miligramu 20 kwa kila kilo, isizidi gramu 1. Mkojo hupimwa protini kabla ya kila sindano kwa sababu dawa huweza kuumiza figo.

Nne, sindano yenyewe. Siku ya kwanza ni ya majaribio, miligramu 4 hadi 5 kwa kilo, maana wapo wanaopata mshtuko. Dawa huja ikiwa unga kichupani. Huyeyushwa na kuchomwa papo hapo, polepole, kwenye mshipa. Msulini hapana, inauma na kuharibu nyama. Zinafuata dozi kamili tano, moja kila wiki. Huo ni mwezi na zaidi, kwa hiyo tafuteni mapema pa kufikia karibu na hospitali.

Maswali ya wanachama

Daktari, shikamoo. Nasikia siku hizi kuna vidonge?
Marahaba. Vipo, feksinidazoli. Shirika la Afya Duniani lilivipendekeza mwaka 2024 kwa malale ya huku pia, hata iliyofika kichwani. Humezwa siku 10, pamoja na chakula. Mtoto wa chini ya miaka 6 au chini ya kilo 20 hapewi. Huyo, kama ugonjwa haujafika kichwani, bado ni suramini.

Na mtoto huyo ukishafika kichwani?
Melarsoproli, sindano ya mwaka 1949 yenye arseniki. Ni kali, yenyewe huweza kuua. Ndiyo maana nasisitiza kuwahi.

Baba kachomwa mbili, kapata nafuu, anataka kurudi kwenye mizinga yake.
Mzuieni. Homa kushuka si kupona.

Bei gani?
Dawa za malale hutolewa bure kupitia Shirika la Afya Duniani. Anayewauzia kichupa mtaani, mkimbieni.

Nimeumwa na mbung'o jana, nichomwe kujikinga?
Hapana, si kinga, na mbung'o wengi hawana vimelea. Ukienda porini acha nguo za bluu na nyeusi, zinawavutia. Vaa kaki, mikono mirefu. Homa ikija wiki zijazo, mtajie mganga pori ulilotoka kabla hajakuandikia mseto.