Salvia na frosti: chukua katingi mapema

Kama uko Molo, Kuresoi ama Mau Summit, huko juu milimani Kenya, na umepanda maua ya salvia, iwe ile nyekundu ya asili ya Brazil ama ile ya zambarau ya Mexico, anza kuchunga frosti, ile barafu nyembamba ya usiku, mapema. Molo iko karibu mita 2,500 juu ya bahari na hatari kubwa ni ule usiku wa Januari, mawingu hakuna, upepo hakuna, joto yote ya udongo inapotea juu na asubuhi unapata nyasi ni nyeupe na majani ya salvia yamekuwa meusi.

Kitu ya maana kabisa ni katingi, yaani kipande cha tawi unapanda kitoe mizizi. Kata tawi laini halina maua, sentimita 10 hivi, chini tu ya kifundo (pale jani linatokea), toa majani ya chini, dunga kwa mkebe wa mchanga na udongo, weka kivulini karibu na ukuta. Wiki tatu nne hivi ina mizizi, so hata mmea mkubwa ukifa bado uko na mingine.

Huo mkubwa nao mwagilia udongo mchana kwa sababu udongo wenye maji unashika joto kuliko mkavu, jioni funika na gunia ama shuka nzee, isiwe nailoni inagusa majani, na jua likitoka funua. Usipande kwa bonde, baridi hushuka huko kama maji. Na salvia ikichomeka na frosti tafadhali usikate haraka, hayo matawi makavu yanakinga shina, ngoja mvua ya Machi uone kama itachipuka.