Ukipewa slaidi ya parathairoidi usikimbilie lenzi kubwa

Wenzangu mnaosoma histoloji, yaani tishu za mwili chini ya maikroskopu, huku Kisumu, hii tezi inaangusha watu bure kwa mtihani. Shida ni mtu anaweka slaidi na papo hapo anaruka kwa lenzi ya 40 (inayokuza mara 40), anaona vidoti vya zambarau kila mahali, anaandika ni tezi ya limfu na kumbe sivyo.

Anza na lenzi ya 4. Tezi yenyewe ni kama punje ya mchele wa Ahero, urefu milimita 6 hivi, na wengi wetu tuko nazo nne nyuma ya thairoidi pale shingoni. Ukibahatika thairoidi itakuwa kwa slaidi hiyo hiyo, utaijua haraka kwa sababu ina vidimbwi vya pinki vimezungukwa na seli. Upande usio na vidimbwi, seli zimebanana kama omena kwa gunia, hiyo ndio yako. Angalia pia matundu meupe, hayo ni mafuta yaliyoyeyuka slaidi ikitengenezwa. Mtu mzima anayo mengi, mtoto kidogo sana.

Sasa panda 10, halafu 40. Nyingi utakazoona ni seli kuu, ndogo, kiini cha mviringo katikati, saitoplazimu (ute unaozunguka kiini) imepauka. Hizi ndizo hutoa homoni ya parathairoidi, kalsiamu ikishuka kwa damu zinaiachilia, mifupa inatoa kalsiamu na figo zinaizuia isipotelee kwa mkojo. Mimi hapa huwa nasimama kidogo kuziangalia, kitu hata jicho haliwezi kukiona ndicho kinakuzuia usikakamae misuli!

Zile zingine ni seli za oksifili, kubwa kidogo, pinki sana kwa sababu zimejaa maitokondria (vijisehemu vya kutengeneza nishati ya seli), na hukaa kwa vikundi. Huanza kuonekana karibu na balehe na zinaongezeka na umri, kwa hivyo ukipewa slaidi ya mtoto usipoteze taimu kuzitafuta.

Ukichora usisahau kapilari, ile mishipa midogo sana ya damu, katikati ya safu za seli, hii tezi haina mfereji, homoni inaingia damu moja kwa moja, na ukiziacha umeacha maksi.

Picha ikiwa na giza, na maikroskopu yako ni ile ya kioo, geuza kioo kiangalie dirisha. Lakini jua lenyewe usilielekeze hata kidogo, utaumiza macho.