Mbuzi Anunuliwe Mwisho: Ya Kuandaa Kabla ya Kufuga Mbuzi wa Maziwa na Nyama Nyumbani

Wengi wanaotaka mbuzi wachache wa nyumbani huanza kwa kununua mbuzi. Anafika jioni juu ya bodaboda, miguu imefungwa kamba, anafungwa kwenye mpapai, na kesho yake ndipo mwenye nyumba anaanza kuulizia bei ya mbao. Wiki ya pili mpapai umeshatafunwa gome, jirani amelalamikia mchicha wake, na mbuzi anakohoa. Mbuzi awe kitu cha mwisho kununuliwa. Hapa nazungumzia familia yenye eneo dogo, robo eka au hata pungufu, inayotaka mbuzi wawili hadi watano kwa ajili ya maziwa ya chai na uji, pamoja na nyama ya sikukuu. Mwenye mpango wa kundi la mbuzi mia ana hesabu zake nyingine.

Kwanza amua unataka maziwa kiasi gani, maana hapo ndipo mbegu inapochaguliwa. Mbuzi wetu wa asili ni mdogo, jike mzima huwa na kilo 20 hadi 30, ni mvumilivu wa jua na kupe, lakini maziwa yake ni ya mtoto wake. Ukibakiziwa kikombe, shukuru. Toggenburg na Saanen wa Uswisi hutoa mengi zaidi, ila nao wanadai lishe na uangalizi. Mbuzi wa maziwa kutoka Norway walioletwa Mgeta, milimani Uluguru, miaka ya 1980 walishika vizuri, na baridi ya kule ilisaidia. Ukimpeleka mbuzi wa namna hiyo Dodoma au pwani bila kivuli na majani ya uhakika, unamtesa. Kwa nyumba nyingi anayefaa ni chotara: baba wa maziwa, mama wa asili. Lita moja hadi moja na nusu kwa siku kutoka kwa chotara anayelishwa vizuri ni matarajio ya haki, na dume wake anafikia uzito wa kuchinjwa mapema kuliko wa asili. Maeneo makavu yana chaguo jingine, Galla wa kaskazini mwa Kenya, mweupe, mwenye umbo kubwa na maziwa ya kutosha nyumba. Pia kuna Malya, aliyezalishwa mkoani Mwanza kwa kuchanganya Kamorai wa Pakistan, Boer wa Afrika Kusini na mbuzi wa kienyeji; huyo mimi namhesabu wa nyama zaidi.

Sasa majani. Hapa ndipo ufugaji wa nyumbani unapofia, tena mwezi wa tisa na wa kumi, si wakati wa masika. Mbuzi wa kilo 30 anahitaji takribani kilo tano za majani mabichi kwa siku, na atachambua: anakula ncha, anakanyaga mashina. Kwa mbuzi wawili fikiria mzigo wa kilo kumi kila siku ya Mungu, sikukuu na msiba vikiwemo. Kama huna mahali pa kuutoa mzigo huo wakati wa kiangazi, ahirisha. Panda matete mpakani angalau miezi mitatu minne kabla, na uzio uwe wa miti ya malisho kama lusina, gliricidia au kaliandra. Lusina ni nzuri lakini isizidi theluthi moja ya chakula, kwani ina sumu inayojikusanya na kunyonyoa manyoya. Matembele, maganda ya ndizi na mabua ya maharage yote yanafaa. Majani ya mihogo yaanikwe yanyauke kwanza. Majani yenye umande yasubiri jua. Minyoo hupanda juu ya nyasi asubuhi zikiwa mbichi, na tumbo nalo hujaa gesi.

Anayekamuliwa ongeza pumba za mahindi na mashudu ya alizeti, kiganja kimoja kimoja mpaka azoee. Kuna tabia ya kuwapa mifugo mahindi yaliyoota ukungu kwa kuwa “hayaliwi na watu.” Yaacheni. Sumukuvu iliyomo humo hupita mpaka kwenye maziwa, kwa hiyo atakayeyala mwishowe ni mtoto wako. Jiwe la chumvi lining'inizwe bandani, na maji yawe safi. Mbuzi ana dharau ya ajabu kwa ndoo yenye harufu, atalala na kiu kuliko kuyanywa.

Banda lisikugharimu kuliko mbuzi wenyewe. Miti, mabanzi na bati chakavu vinatosha, ila sakafu usiifanyie ubahili. Iinuliwe juu ya ardhi kiasi cha mtu kuweza kuingiza koleo chini na kuchota samadi, na mabanzi yaachane kwa sentimita moja na nusu hivi. Uwazi ukiwa mwembamba kinyesi kinaganda juu. Ukiwa mpana, kwato za mtoto zinazama na mguu unavunjika. Chukua kipande cha mti chenye upana huo, ukitumie kama kipimo kati ya banzi na banzi wakati fundi anapigilia, usikubali “tutakadiria.” Kila mbuzi mzima apate mita moja na nusu ya mraba au zaidi. Hori liwe nje ya ukuta, mbuzi atoe kichwa tu, maana majani yaliyokanyagwa hayagusi tena. Upande unakotoka upepo uzibwe, juu kuwe wazi. Sehemu zenye fisi, chui au wezi, mlango utazame dirisha la chumba chenu. Kwa wanaoishi mjini, pita kwanza serikali ya mtaa uulize sheria ndogo, usije ukajengewa kesi kabla ya banda kukauka.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni beberu. Ng'ombe wa maskini hazai, wanasema. Kwa mbuzi mara nyingi sababu ni kwamba hakuna dume hata nyumba kumi za jirani. Jike huingia joto kila siku 21 hivi, na joto lenyewe ni siku moja au moja na nusu. Usiku hapati usingizi kwa kelele zake, mkia unachezacheza, akipitwa na wakati huo unasubiri wiki tatu nyingine. Mimba ni miezi mitano. Kufuga beberu wako kwa ajili ya majike wawili ni kulisha mdomo bure, tena harufu yake huingia kwenye maziwa. Heri majirani watatu wanne mkashirikiana dume mmoja bora, mkambadilisha baada ya miaka miwili asije akapanda mabinti zake. Madume madogo yatengwe au yahasiwe yakifika miezi mitatu; yanaweza kupanda mama na dada zao mapema kuliko unavyodhani. Na mkubaliane mapema nyumbani kwamba dume ni wa kuuzwa au kuchinjwa, kabla watoto hawajampa jina. Mwenye jicho la soko huhesabu kurudi nyuma kutoka Idd el-Hajj, ambapo mbuzi wa kuchinja anatakiwa awe ametimiza mwaka na asiwe na kilema, bila kusahau kwamba sikukuu hiyo huwahi kwa siku kama kumi na moja kila mwaka.

Namba ya simu ya afisa mifugo iwe kwenye simu yako kabla ya namba ya muuza mbuzi. Muulize ratiba ya chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo na ile ya homa ya mapafu. Sotoka ilithibitishwa Tanzania mwaka 2008 na haina tiba, chanjo ndiyo kinga. Minyoo ndiyo adui wa kila siku. Usinyweshe dawa kila mwezi kwa mazoea, minyoo huizoea. Funua kope la chini la mbuzi mchana kweupe uangalie rangi ya ndani. Nyekundu ni salama, ikififia kuelekea weupe damu inanyonywa, huyo ndiye wa kupewa dawa.

Kazi za nyumbani mgawane kwa majina: nani anakata majani, nani anakamua, nani anabaki wengine wakienda kijijini. Anayekamua anawe mikono, aoshe kiwele, tone za kwanza azikamulie kwenye kikombe cheusi aone kama zina mabonge. Maziwa yachemshwe, kwa sababu brusela, ugonjwa unaomfikia mtu kupitia maziwa mabichi, hauonekani kwa macho.

Yote hayo yakiwa tayari, ndipo uende kununua, na ikiwezekana nenda nyumbani kwa mfugaji kuliko mnadani, umwone mama yake na kiwele chake. Nunua wawili, mbuzi mmoja peke yake hulia mpaka mtaa mzima uamke. Funua mdomo: meno mawili makubwa mbele ni mwaka na zaidi kidogo, manane ni miaka minne au kupita. Papasa kiwele pande zote mbili, kisiwe na uvimbe mgumu wala chuchu iliyoziba. Mtembeze, tazama kwato, tazama chini ya mkia kama kuna kuhara. Omba kibali cha kusafirisha, na uliza kama ana hereni ya utambuzi. Akifika, kama una mbuzi wengine, akae mbali nao wiki tatu hivi, na siku za kwanza ale majani aliyoyazoea kwa muuzaji, kwa hiyo ondoka na mzigo wake mmoja, hata kama ni wa kununua.