Milioni ya PDM: namna ya kuitumia kuleta kazi kwa vijana kijijini

Wengi mmeshapata ile milioni moja ya shilingi ya PDM (Parish Development Model, mpango wa serikali ya Uganda wa kukopesha watu kupitia parish, yaani kata) ama mnaingojea, na swali nalosikia kila siku huku wilayani Kiryandongo ni "nilime nini?" Jamani, kulima tunajua. Tunalima misimu miwili kila mwaka na bado tuko palepale, maana mahindi tunauza yakiwa na maji, bei ya hasara, na kazi yote ya baada ya kuvuna inafanywa na watu wa mjini. Hiyo kazi ndio tuishike sisi.

Pesa yenyewe si zawadi, riba ni 6% kwa mwaka, yaani elfu 60 kwa kila milioni, na ikirudi kwa sacco ya parish, yaani chama cha akiba na mikopo, anakopa mwenzako.

Basi msiende mmoja mmoja. Kila mtu anakopa kwa jina lake na analima shamba lake, sawa, lakini watu kama kumi wa kikundi kimoja mchangie mnunue turubai na mashine ya kupukuchua. Mashine moja inataka vijana wawili watatu, halafu kina mama wa kupepeta na kuchambua, na mkimaliza ya kwenu inazunguka kwa majirani kwa malipo. Bodaboda siichukii, inalisha watu wengi, ila kijana wa kumi na moja kwenye steji haleti abiria wapya, anagawana wale wale na wenzake kumi. Huyu wa mashine anaokoa mahindi ambayo yangeoza.

Sasa kukausha, hapa ndio tunaharibu. Mahindi yasiguse udongo kabisa, yaanikwe juu ya turubai, yageuzwe geuzwe, jioni yafunikwe. Kujua kama yamekauka chukua chupa kavu, weka mahindi kama theluthi moja, tia vijiko vichache vya chumvi kavu, tikisa vizuri, iache kama robo saa. Chumvi ikigandia kwenye chupa bado yana maji zaidi ya 15%, rudisha juani. Isipogandia ongeza bado siku moja ya jua, kwa sababu kiwango cha Afrika Mashariki ni 13.5%. Mnakumbuka Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi yetu kwa ajili ya sumu kuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi yenye maji? Ilikuwa siku chache tu lakini malori yalikwama mpakani, na aliyeumia zaidi ni mkulima.

Vijana walipwe kwa gunia, siku ileile, na iandikwe kwenye daftari mbele yao, maana nimeona kikundi kizuri kikivunjika kwa sababu ya elfu mbili mbili ambazo hazikuandikwa.

Kinu cha kusaga kisubiri msimu wa tatu hivi, mkishajua mna magunia ya kukilisha. Hapo mtauza unga, na pumba watanunua wafuga kuku na nguruwe. Na kila gunia likipukuchuliwa wekeni kando pesa kidogo ya oili na mkanda wa mashine, mkanda ukikatika katikati ya mavuno hakuna wa kuwasubiri.